Matabishi: Mdudu wa Nani Tunamuua?

Kwetu Lac Vert, mtoto akitumwa kununua sambaza kule Kituku, hafundishwi bei peke yake. Mama yake anamwambia: "Usitoke pale mbele bakuongezee matabishi." Mtoto anaelewa bila maelezo mengine. Muuzaji anapima kwa kopo, anamimina ndani ya mfuko, halafu anachota kwa vidole samaki watano au sita na kuwatupia juu. Wale ndio matabishi. Hawakuwa ndani ya bei, na muuzaji akiwakatalia hakuna mahali pa kumshitaki. Lakini kesho mtoto atapita mbele ya meza yake bila kusimama.

Mtu huyo huyo akienda biro fulani kutafuta karatasi, akarudi mikono mitupu, jirani atamwuliza: "Ilikuwa je?" Naye atajibu kwa sauti ya chini: "Banataka matabishi." Hapo hakuna anayetabasamu.

Neno moja, vitu viwili. Tumelitumia tangu utoto bila kulishangaa, mpaka siku lilipotugombanisha ndani ya chama chetu wenyewe. Ugomvi huo tutausimulia hapa bila kujificha, kwa sababu bila huo makala hii isingeandikwa.

Miaka michache iliyopita tulitaka kufanya sikukuu ya ngoma na masimulizi ya wazee. Ilihitaji karatasi ya ruhusa. Tulikwenda mara tatu kwenye ofisi moja ambayo hatuitaji, na mara tatu tukaambiwa mwenye muhuri ametoka. Mara ya nne mmoja wetu aliweka franka 20.000 ndani ya bahasha pamoja na barua yetu ya maombi, na mwenye muhuri akapatikana palepale. Sikukuu ikafanyika, ikawa nzuri. Mwisho wa mwezi, mtunza feza aliandika ndani ya daftari: "Matabishi, 20.000." Mkaguzi wetu wa hesabu akakataa kutia sahihi.

"Andikeni jina lake la kweli," akasema.

"Njo jina yake ya kweli hiyo," akajibu mzee mmoja wa komite. "Matabishi hainaga mubaya. Ni kusema aksanti."

Mwalimu aliyekuwa kando yake akauliza: "Aksanti inatanguliaka kazi tangu lini?"

Kikao kiliisha bila mapatano. Ila mwenzetu mmoja, aliyekaa miaka mingi Luanda kwa biashara, alikuwa amecheka muda wote ule. Tulipomwuliza anacheka nini, alisema kule Angola alikuwa anakula matabicho kila asubuhi, mkate na chai, na hakuna polisi aliyewahi kumsumbua. Maana kule, matabicho ni chakula cha kufungua kinywa. Hata kitenzi wanacho, matabichar, na watu wa Msumbiji wanasema vilevile. Sisi tulikuwa tunapigania kitu ambacho kwa majirani ni chai ya asubuhi! Hapo ndipo tulianza kulifuatilia neno lenyewe.

Ni neno la Kireno, na limeungwa kwa vipande viwili: mata, kutoka matar, yaani kuua, na bicho. Ile ch ya Kireno inasikika karibu na sh yetu, kwa hiyo masikio ya wazee hayakukosea. Matabishi maana yake ni "ua mdudu".

Tena bicho ni neno lenye ukoo. Wataalamu wa lugha wanalirudisha hadi Kilatini, kwenye bestia, mnyama. Wareno wakalichonga likawa bicho, na Wahispania wakaliazima kwao. Kwa lugha zote mbili ni jina la kiumbe ambaye hutaki, au huwezi, kumtaja sawasawa: mdudu, mnyoo, mnyama wa porini. Fahali wa mchezo ule wa Wahispania anaitwa bicho. Mtu mwenye roho mbaya ni bicho mbaya, na mtu wa ajabu ni bicho wa kipekee. Korona ilipoingia mwaka 2020, Wahispania waliita "el bicho" tu na kila mtu alielewa. Kule Puerto Rico neno hilo limeteremka mpaka mahali ambapo huwezi kulisema mbele ya mama mkwe. Wala tusiwacheke. Sisi tunasema mdudu kwa yule wa kwenye maharagwe, kwa ugonjwa usio na jina, na kwa kidole kinachovimba na kutunga usaha. Na dudu wa watoto wadogo kila mzazi anamjua.

Wabrazili nao wamemfuga mdudu huyo kwa namna yao. Mwaka 1892, mjini Rio de Janeiro, baroni mmoja aitwaye Drummond, mwenye bustani ya wanyama, alianzisha bahati nasibu ya picha za wanyama 25 ili kuvuta wageni. Ikaitwa jogo do bicho, mchezo wa mnyama. Serikali ikaipiga marufuku, na watu wameendelea kuicheza. Kutoka huko, pesa ambazo mchezaji wa mpira anaongezewa timu yake ikishinda zimepata jina la bicho. Kwa hiyo ng'ambo ya bahari mdudu amekuwa nyongeza juu ya mshahara bila hata kuuliwa.

Kuna bicho mwingine ambaye hapa Goma hatuhitaji kumtafsiri: bicho-de-pé, mdudu wa mguu, ndiye funza. Alivuka bahari mwaka 1872 ndani ya mchanga wa meli iliyoitwa Thomas Mitchell, kutoka Rio hadi Ambriz nchini Angola. Kutoka hapo alipanda miguuni mwa wapagazi na askari, akapita bara zima, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amefika upande wa Bahari ya Hindi. Wazee wetu waliomtoa kwa mwiba hawakujua kwamba ni mgeni.

Lakini mdudu wa matabishi hakai mguuni, anakaa tumboni. Wazungu wa zamani waliamini kwamba yule anayekwaruza tumbo asubuhi, kabla hujatia kitu kinywani, ni mnyoo wa kweli, na kwamba anauliwa kwa tone la pombe kali. Wafaransa wana simulizi la mwaka 1519: mke wa mkubwa mmoja wa Paris alikufa ghafla, waganga wakampasua, wakakuta mnyoo kwenye moyo wake, wakamwekea kipande cha mkate kilicholowekwa divai, na mnyoo akafa hapohapo. Basi wakasema ni vizuri kila asubuhi kutia divai kidogo na mkate. Ni dawa iliyopendwa sana! Wafaransa wakaiita "kuua mnyoo", Wahispania "kuua kijinyoo", Wareno mata-bicho. Kiswahili nacho kimefika karibu na hapo kwa njia yake, maana kamusi zinasema mchango ni ile pesa tunayokusanya kanisani au msibani, na pia ni mnyoo wa tumboni. Ni bahati tu ya lugha, lakini mtunza feza wetu aliifurahia sana.

Ingekuwa hadithi ya kuchekesha mpaka mwisho, kama Wareno wangekunywa kileo chao kwao. Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480, na Luanda ilianzishwa na Wareno karibu na mwaka 1575. Kwa zaidi ya karne mbili biashara kubwa ya pwani ile ilikuwa biashara ya watu, na moja ya bidhaa zilizowanunua ilikuwa pombe kali ya miwa kutoka Brazili. Wafanyabiashara hawakuanza kutaja bei wakiwa na koo kavu. Kileo kilitangulia: mkubwa wa njia alipewa chake, mkubwa wa soko chake, na mjumbe chake. Huyo aliyeuawa hapo hakuwa mnyoo wa njaa. Ilikuwa ni ile sauti ndani ya mtu inayosema "hapana". Hatusemi kwamba kila mama wa Kituku anayeongeza samaki watano amebeba dhambi hiyo. Tunasema tu kwamba neno limepita huko.

Baadaye likapanda mto. Enzi ya Leopold II, tangu 1885 hadi 1908, na ile ya Wabelgiji iliyofuata hadi 1960, Wazungu wa Kongo walilitia ndani ya Kifaransa chao wakaandika matabiche. Kwanza lilikuwa kileo anachopewa mpagazi au mkubwa wa kijiji, halafu likawa kitambaa, chumvi, na mwishowe pesa. Waliotoa walikuwa juu na waliopokea walikuwa chini. Mpagazi aliyebeba mzigo kwa nguvu, bila kuulizwa kama anataka, alipewa matabishi jioni, na ilimpasa kushukuru. Alinyimwa haki yake, akapewa zawadi. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo neno lilipoharibika, hata kabla ya ofisi zetu za leo. Na Wabelgiji walirudi nalo nyumbani: kwa Kifaransa chao matabiche ni rushwa.

Sisi tuliochini tulilipokea neno tukalivalisha nguo zetu. Ile ma- ya mwanzo, ambayo kwa Mreno ni sehemu ya "kuua", tuliichukua kuwa ni ile ya matunda na mafuta, ndiyo maana tunasema matabishi yangu, matabishi yake. Kilingala, ambacho kilikuwa lugha ya jeshi, kilisema matabisi, na mpaka leo kwa Kilingala hata zawadi safi ya ndugu kwa ndugu inaitwa hivyo. Neno lilipofika mashariki lilikutana na Kiswahili kilichotoka pwani nyingine, nacho kilikuwa kimekwisha kubeba Kireno chake tangu siku za Wareno Mombasa: meza, kopo, bendera, leso. Mtazameni basi mama wa sambaza. Ameweka bidhaa juu ya meza, anapima kwa kopo, anapokea pesa, anaongeza matabishi. Maneno matatu ya Kireno kwa tendo moja, mawili yametoka Bahari ya Hindi na moja Atlantiki, na yamekutana kwenye mawe meusi ya Nyiragongo. Mreno mwenyewe angepita hapo asielewe hata moja.

Sasa turudi kwenye daftari.

Mzee wetu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alisema: kwa desturi yetu huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Ni kweli. Mkono mtupu haulambwi. Kwa Wahavu na Washi, mtu aliyetaka shamba alitoa kalinzi kwa mwami, ng'ombe au mbuzi. Wanande wana muhako wao. Je, baba zetu walikuwa wanahonga? Mkaguzi alijibu vizuri: kalinzi ilitolewa mbele ya mashahidi, kila mtu alijua ni nini, na aliyetoa alipata haki ya kulima ambayo watoto wake wangeirithi. Bahasha yetu ilikuwa na mashahidi gani? Jibu hilo tulilipenda, ingawa si safi kama linavyosikika. Wakati wa mashamba makubwa ya wakoloni kalinzi ilipanda bei, ardhi ikageuka bidhaa, na wapo wakubwa waliouza mashamba ya watu mbele ya mashahidi walewale. Kuonekana hakutoshi.

Ndugu zetu wa Tanzania walipambana na swali hilo mahakamani. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi ilirekebishwa ili mgombea aruhusiwe kutoa takrima, yaani ukarimu wa kimila kwa wageni wake. Ni neno zuri la heshima. Lakini nani atapima ukarimu unaishia wapi, ikiwa mkarimu anatafuta kura za mgeni? Mwaka 2006 Mahakama Kuu yao ikaifuta. Tena waliokuwa na misafara ya zamani kutoka pwani hadi Tanganyika walilipa hongo kwa wakubwa wa njia, na hongo hiyo ilikuwa ushuru wa kupita, haikuwa kitu cha kufichwa. Leo hongo ni neno la aibu. Maneno ya aina hii yanaonekana yote yanateremka; hatujaona moja lililopanda.

Mfano mkali zaidi ni wa Wareno na Wahispania wenyewe. Wana neno propina, ambalo mzizi wake wa kale ni kunywa kwa afya ya mtu. Ukiwa Hispania, propina ni ile pesa kidogo unayomwachia mhudumu wa mgahawa. Ukiwa Brazili, ni rushwa. Ukiwa Ureno, ni ada ya chuo kikuu. Kinywaji kimoja kimezaa shukrani, wizi na karo ya shule.

Karo! Hilo nalo linatuhusu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi wa Kongo walianza kutoa pesa yao wenyewe ili shule zisifungwe. Mwanzoni ilikuwa ya kumtia mwalimu moyo, jambo la huruma kwa mtu mwenye njaa. Mwaka uliofuata ikawa na kiwango. Baadaye mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani. Iliendelea hivyo kwa shule za msingi mpaka Septemba 2019, elimu ya bure ilipoanza. Kizazi kizima kilisoma, au kilikosa kusoma, kwa sababu ya matabishi iliyokua ikawa sheria. Na walimu wale hawakuwa wezi. Mdudu wao alikuwa wa kweli, wakaamka naye kila asubuhi.

Kwa hiyo hatutaki kuandika kama watu wasiojua njaa. Tunajua anayekaa nyuma ya dirisha la ofisi huenda hajapokea mshahara miezi mingi, na kwamba bosi wake anangoja sehemu yake jioni. Rais Mobutu mwenyewe, katika hotuba yake ya Novemba 1977 juu ya "ubaya wa Zaire", alilalamika mbele ya taifa kwamba nchini mwake kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Alisema kweli, na alijua vizuri zaidi ya wengine soko hilo linaanzia wapi. Kabla yake na baada yake watu walijifunza kujikokota, "article 15", kama tulivyozoea kusema. Sheria ya 29 Machi 2005 imeongeza adhabu kwa rushwa ndani ya kitabu chetu cha makosa. Sheria ni nzuri. Lakini polisi kwenye bariyeri haombi rushwa. Anaomba ya sukari, ya fanta, madesu ya watoto. Siku zote kuna kitu cha kutia kinywani. Wafaransa wanasema chungu cha divai, Wakenya wanasema chai. Hatujasikia mahali ambapo mtu anaomba rushwa ya viatu. Aombaye anasimama upande wa tumbo, na tumbo halina hakimu.

Basi tofauti iko wapi? Ndani ya chama tulijaribu majibu mengi. Mmoja alisema ni ukubwa: kidogo ni matabishi, kingi ni rushwa. Hapana, franka 500 za bariyeri zinamwumiza mwendesha chukudu kuliko dola elfu zinavyomwumiza tajiri. Mwingine alisema ni wakati, mbele au nyuma ya kazi. Hilo lina nguvu zaidi, lakini ofisa mjanja anaweza kungoja, akakukumbusha kwa macho, na ukajua utarudi kwake tena. Wa tatu akasema ni siri, na kalinzi ilikwisha kutuonyesha mpaka wa jibu hilo.

Aliyetusogeza mbele ni mama mmoja muuza unga, aliyekuja kuchukua mume wake kikaoni na kusikiliza akiwa mlangoni. Alisema: "Ile unga ni yangu. Njo maana naweza kukuongezea. Ile karatasi iko ya nani?"

Tulinyamaza wote.

Mama wa meza anatoa katika kilicho chake. Akikunyima, unapoteza samaki watano ambao hawakuwa wako, na meza nyingine ishirini ziko mbele yako. Mwenye muhuri anakuuzia kilicho chako, na dirisha ni moja. Yeye haongezi kitu. Anakizuia chote, kisha anakirudisha na kukiita fadhili. Ni kama yule mpagazi wa zamani aliyenyang'anywa siku yake na kupewa kitambaa jioni, tofauti ni kwamba leo mpagazi ndiye anayetoa hata kitambaa. Nani anaua mdudu wa nani hapa? Karani ameshiba asubuhi hiyo, na sisi tumekwenda nyumbani na mdudu mpya, yule anayesema kwamba bila bahasha hatuwezi kitu.

Tusiwapambe wauzaji kupita kiasi, lakini. Kuna makopo yaliyogongwa chini mpaka yamebonyea kwa ndani, na mama mwenye kopo hilo ni mkarimu sana wa matabishi: anakurudishia kwa vidole nusu ya alichokunyima kwa kopo, na unamshukuru. Huyo hana tofauti na mwenye muhuri. Kipimo kwanza, kisha nyongeza. Nyongeza juu ya kipimo cha uongo ni sehemu ya uongo.

Lakini tumeona pia kitu kingine, ndicho kilichotufanya tukatae kumwachia karani neno hili. Vita vilipoanza tena mwaka 2022 na wakimbizi wakajaa Mugunga na hapa Lac Vert, hadi kambi zilipobomolewa mwanzoni mwa 2025, wamama wengi waliotoka Masisi na Rutshuru walikuja kununua unga kidogo sana, wa franka chache. Walikuwa wakulima, watu waliozoea kutoa, na kuomba kuliwatia haya. Mama yuleyule wa mlangoni alikuwa anapima kopo lao, anapokea pesa yao yote bila kupunguza hata franka moja, halafu anaongeza matabishi karibu sawa na kopo lenyewe. Siku moja mteja mwingine alinung'unika kwamba yeye hajawahi kuongezewa hivyo. Mama akamjibu: "We' una shamba." Mkimbizi aliondoka akiwa amenunua. Hakuwa amesaidiwa mbele za watu. Je, kuna neno lingine ambalo lingeweza kufanya kazi hiyo? "Msaada" lingeandika jina lake kwenye lisiti. "Zawadi" lingedai sababu. Matabishi lilipita kimya, kama sehemu ya biashara, na kuua mdudu wa njaa kwa maana yake ya kwanza kabisa.

Kwa hiyo kosa la daftari letu, kama tulivyokuja kuliona, lilikuwa mawili. Tulihonga: hilo ni moja, na tulikuwa na sababu zetu ambazo kila msomaji wa Goma anazifahamu. La pili, tulikwenda kumwazima mama wa unga neno lake ili kufunika la kwanza. Na neno linaloazimwa namna hiyo halirudi lilivyokuwa. Tayari vijana wamekwisha kuchanganya. Juzi, pale sokoni, muuzaji alimwongezea kijana ndizi mbili naye akasema kwa kucheka: "Unanihonga?" Wote walicheka. Mama hakucheka. Na wengine wameanza kuweka karatasi juu ya meza: "Hakuna matabishi."

Mzee wetu alisikiliza haya yote na hakushawishika. Anasema tunaongea kama watu wa vitabu. Anasema bahasha ilikuwa ya adabu, kwamba alimhurumia kijana yule wa muhuri ambaye shati yake ilikuwa imechakaa kwenye kola, na kwamba huruma yake haihitaji ruhusa ya mkaguzi. Hatukuweza kumwambia kwamba anasema uongo. Huenda kweli alimhurumia. Tulimwuliza swali moja tu: kama kijana yule angetoa karatasi siku ya kwanza, bila kungoja, je, ungempa zile 20.000? Alifikiri sana. Akasema: "Ningemupa 5.000."

Tulipiga kura. Mstari ulikatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake mtunza feza akaandika: "Hongo, 20.000." Mkaguzi akatia sahihi. Kisha tukakubaliana kwamba pesa za chama haziwezi kulipa kitu chenye jina hilo, na kila mmoja wa wanakomite wanane arudishe 2.500 kutoka mfukoni mwake, hata wale waliokuwa wamekataa, kwa sababu wote tulicheza ngoma siku ya sikukuu. Saba wamekwisha kulipa. Mzee bado. Anasema alitoa matabishi, na matabishi hairudishwagi.

Ruhusa ile ilikuwa ya sikukuu moja tu. Kwa ijayo barua ya maombi iko tayari, imepigwa mashine na kutiwa sahihi. Hatujapatana ni nani ataipeleka.